Mbio Zilizotazamwa Kutoka Jikoni

Nilipofika Bredäng, kitu cha kwanza nilichofundishwa hakikuwa Kiswidi. Kilikuwa chumba cha kufulia.

Tulitoka Bujumbura, tukakaa miaka mingi kambini Kigoma, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili tukapewa nyumba huku Stockholm: mimi, binti yangu, mume wake na watoto wao. Jengo refu la kijivu, lifti inanuka sigara ya mtu usiyemjua, na chini kabisa chumba cha mashine za kufulia ambacho kila nyumba ina zamu yake. Ukiingia kwenye zamu ya mwenzio hakuna atakayekupigia kelele. Atabandika kikaratasi ukutani.

"Mama," binti yangu alinionya, "huku hawatukani. Huku wanabandika."

Mimi nimekulia Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako mtatukanana asubuhi na jioni mnaombana chumvi. Kikaratasi kile nilikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa polisi.

Sasa siku moja nikakosea zamu. Nikashuka na beseni langu, nikamkuta mwanamke mzee wa kizungu, mrefu kama mlango, anaanika kivazi nilichodhani ni ngozi ya chura mkubwa. Rangi ya chungwa bivu. Shati na suruali vimeshonwa pamoja, kitambaa kinavutika kama puto. Nikasimama palepale nikingoja kikaratasi changu. Yeye akatazama beseni, akatazama uso wangu, akaenda kufungua mlango wa mashine ya pili, akaniashiria kwa kidevu: weka.

Ndivyo nilivyompata jirani yangu.

Jina lake ninalo. La binti yake pia, na la kila msichana aliyewahi kushindana na binti yake, wa Australia, wa China, wa Uingereza, wa Ujerumani. Shule niliiacha mapema, lakini jina likishaingia sikioni mwangu halitoki tena. Ila hapa siliandiki hata moja. Jina la mtu ni kama nguo yake ya ndani: unaweza kuifua, lakini huianiki barabarani.

Kiswidi changu wakati ule kilikuwa Kiswidi cha basi. Ndani ya mabasi ya Stockholm, ukibonyeza kitufe, mbele kwa dereva panawaka neno: STANNAR. Binti yangu alinieleza kwamba maana yake ni "linasimama." Hilo ndilo neno la kwanza nililolisoma mwenyewe, na nililipenda. Nilibonyeza kitufe hata kituo kisicho changu ili nilione likiwaka, mpaka wajukuu wakakataa kukaa karibu nami.

Basi kwa Kiswidi hicho nikashika lile vazi la chura nikauliza: "Ya mtoto?"

"Ya binti yangu. Mtu mzima. Yuko Uholanzi. Hii aliniachia." Akazungusha ngumi zake mbili mbele ya tumbo. "Baiskeli. Haraka sana."

Hapo nikaelewa. Nilielewa vibaya, lakini kwa moyo wote. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa baiskeli. Alishusha ndizi kutoka milimani hadi sokoni Bujumbura, mikungu imefungwa nyuma na pembeni hadi humwoni mtu, unaona kichaka cha ndizi kinateremka peke yake. Breki zilikuwa zimekufa zamani. Breki yake ilikuwa kandambili ya tairi aliyoikandamiza kwenye gurudumu la nyuma. Wakati wa kupanda alishika mkia wa lori, na wakati wa kushuka alimshika Mungu. Mimi nilikaa mlangoni nikisikiliza kengele yake. Kwa hiyo mtu akiniambia mwanawe anaendesha baiskeli haraka, mimi sicheki.

Nikamshika mkono. "Pole," nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Waswidi neno hilo hawana. Kisha nikauliza: "Anabeba nini?"

"Habebi kitu."

"Sasa anakimbilia wapi?"

Akafikiri. "Anazunguka," akasema. "Anarudi palepale alipoanzia."

Nilipopanda juu nilimwambia binti yangu: "Yule mama mrefu wa mlango wa pili, masikini, ana mtoto mgonjwa wa akili."

Ukweli niliujua baadaye, siku aliyokuja kubisha mlangoni kwetu na sahani ya biskuti, amechana nywele kana kwamba anaenda benki. Mume wa binti yangu alikuwa ametundika dishi kwenye baraza kwa ajili ya mpira, na jirani alikuwa ameliona kutoka chini. Je, linashika ile chaneli ya michezo? Linashika. Je, anaweza kutazama Jumapili? Karibu, mama, kwani televisheni inaisha?

Akanieleza polepole, kwa Kiswidi cha kumwelezea mtoto. Yeye ni Mholanzi, aliachana na mume wa kwanza, akaolewa na Mswidi akamfuata huku. Mswidi naye amefariki. Binti alibaki Uholanzi na baba yake kwa sababu kule kuna kiwanja cha mbio, cha mbao, cha mviringo kama bakuli, kina paa. Na binti huyo hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa katika wanawake wenye mbio kuliko wote duniani.

Jumapili akaja. Akakaa kwenye kochi, ameshika mkoba mapajani kama mgeni wa kanisani. Wasichana wawili walipotokea kwenye kioo, mmoja ndani ya lile vazi la rangi ya chungwa, jirani yangu akainuka, akaenda jikoni, akafunga mlango nusu.

Nikamfuata. Alikuwa amesimama anatazama ukuta.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini? Si umekuja kutazama?"

Ndipo akaniambia lililomsibu. Zamani alikwenda kiwanjani mwenyewe, akaona binti anaanguka mbele ya macho yake, anateleza kwenye mbao mpaka chini. Hakuvunjika siku ile, lakini walimchomoa vibanzi mapajani kwa koleo, kimoja kimoja, na mama ndiye aliyeshika taa. Tangu hapo akawa anampigia simu kumwambia aache. Acha, acha, acha. Binti akachoka, akamwambia: "Mama, ukitaka tuongee habari za mbio, zitazame kwanza. Kama huwezi kuzitazama, tuongee habari za hali ya hewa." Na majira ya baridi yote yaliyopita waliongea habari za hali ya hewa. Theluji kwako? Theluji. Mvua kwako? Mvua. Haya, kwaheri mama.

"Nitazamie," akasema. "Wewe kaa pale, uniambie, nami nitamwambia yeye."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi Uswidi. Mtu huwezi kumwacha jikoni mikono mitupu, hivyo nikampa ungo wa maharage achambue, nikaacha mlango wazi kidogo ili anisikie, nikarudi kwenye kochi.

Jamani, mchezo ule! Nilitegemea wakimbie. Wanatambaa. Wasichana wawili wenye mapaja kama wamebeba ndizi maisha yao yote, wanazunguka polepole kama wanaotafuta pete iliyoanguka. Wa mbele anageuza shingo kumtazama wa nyuma, wa nyuma anatazama pembeni kama hayumo. Kisha binti wa jirani akapanda juu kwenye ule mteremko wa mbao, na baiskeli ikasimama. Kabisa. Hajashusha mguu, hajashika ukuta. Amekaa juu ya baiskeli kama ndege kwenye waya.

Nikapiga kelele: "Amesimama!" Na kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi ya watu, nikaligeuza kwa neno langu la basi, ambalo jambo likishatokea huwa stannat: "Amestannat!"

"Vizuri," sauti ikajibu jikoni, imetulia. "Mwenye kutangulia ndiye anayekata upepo. Wa nyuma anajificha mgongoni kwake. Kwa hiyo kila mmoja anataka mwenzake atangulie."

"Yaani wanashindana kukaribishana mlangoni? Tangulia wewe, hapana tangulia wewe?"

"Ndiyo. Halafu wanakimbia kama wezi."

Na kweli. Mara yule mwingine akashindwa uvumilivu, akachomoka, na binti wa jirani akashuka kutoka juu kama jiwe. Sijui nilisema nini. Wajukuu waliokuwa chumbani walitoka mbio wakidhani bibi ameungua. Alishinda kwa upana wa gurudumu.

"Ameshinda!" nikaimba. "Mzima! Ana miguu yote!"

Nilipoingia jikoni nilimkuta amejipangusa macho kwa taulo langu la vyombo. Kwenye ungo, mawe yalikuwa yamebaki na maharage mazima yalikuwa kwenye ndoo ya taka.

Hiyo ikawa desturi yetu kwa miaka. Kwa maharage nilijua hofu yake imefika wapi. Mbio za kwanza za siku, dhidi ya mpinzani mdogo, alichambua vizuri. Nusu fainali alianza kutupa mazima. Fainali alitupa hata mkono ukiwa mtupu. Mimi sikumwambia, akishaondoka niliyaokota, nikayaosha, tukala.

Jioni binti alipompigia, jirani alisimama kwenye ukumbi wetu na simu yake akimweleza mbio nilizozitazama mimi. Alikuwa akinigeukia nimwongezee, na mimi nilimwambia kwa mifano ya kwetu, naye akaigeuza Kiholanzi, sijui vipi. Kwamba ulitulia kama paka mbele ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Kwamba yule Mwaustralia mwenye shingo fupi alikuwa anakuvuta kwa macho kama mama mkwe. Majina ya wapinzani mimi ndiye niliyeyajua, yeye alikuwa hajui hata moja, hivyo nilimnong'oneza: fulani, alikushinda mwaka juzi, leo umelipiza. Nilisikia kicheko kwenye simu. Hali ya hewa ilisahaulika.

Wajukuu zangu huniita Bibi. Jirani akaamini ndilo jina langu. Akaniita Bibi mbele ya watu, akaandika "Bibi" kwenye zawadi za Krismasi. Sikumrekebisha. Nilikuwa na wajukuu wanaonijibu Kiswidi kila ninapowaita. Huyu mzee mrefu alikuwa mjukuu wangu pekee aliyenijibu kwa heshima.

Nikayaona mengi kupitia dishi lile. Nilimwona binti akiwa bingwa wa dunia, amevishwa fulana nyeupe yenye mistari ya rangi za upinde wa mvua, analia mdomo wazi kama mtoto wa chekechea. Jirani siku hiyo alikuja mpaka mlango wa jikoni, akasikiliza wimbo wa taifa lao, ungo mkononi. Nilimwona anashindwa na watu wadogo kwake. Nikamwona mwaka aliovunjika mfupa wa bega, akiwa mazoezini, ambako dishi halifiki, na tukaujua mkasa kwa simu. Mwaka huo mama yake alikuja kuchambua maharage hata siku zisizo na mbio.

Siku moja katika hizo ndipo nilipojua kwamba baiskeli zile hazina breki.

"Hazina?"

"Hazina. Na huwezi kuacha kupiga pedali. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka."

"Hata kandambili?"

Hakuelewa, nikamweleza kuhusu mume wangu. Nilimwambia kila kitu, hadi mkia wa lori. Akaacha maharage.

"Alianguka?" akauliza. Aliuliza kama mtu anayeogopa jibu.

"Alikufa kitandani," nikasema. "Homa. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, inamtazama. Watu walinishangaa msibani kwa sababu nilisema asante Mungu. Hawakujua ni miaka mingapi nilikaa mlangoni nikisikiliza kengele."

Jirani yangu hakunishangaa. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua, na siku hiyo hakutupa hata moja zima.

Binti akapona bega, akarudi kiwanjani, akawa anashinda moja na kupoteza mbili. Ikafika mwanzo wa miaka ya elfu mbili na kumi, akampigia mama yake kumwambia kwamba mashindano ya dunia ya mwaka ule ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo anaacha.

Jirani akaja kuniambia amevaa koti na viatu vya ndani, hata hakujua. Tulikaa. Nilimuuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa kanisa, nimwombee nini. Ashinde?

"Hapana," akasema. "Mwombee ashuke kwenye baiskeli kwa miguu yake mwenyewe. Basi. Mara moja tu hiyo iliyobaki."

Niliomba hivyo hivyo, bila kuongeza. Mungu naye ana kazi nyingi, ukimpa maneno mengi anaweza kushika lisilo lenyewe.

Siku ilipofika, nje theluji ilikuwa imegeuka uji. Binti yangu alikuwa kazini Jordbro, kwenye ghala, mume wake kawapeleka watoto kwa shangazi yao Hjulsta. Tulibaki wawili, wazee, na ungo mmoja. Hapakuwa na mtu wa kututafsiria, lakini miaka yote hiyo tulikuwa tumezoea.

Mbio za kwanza alishinda. "Mzima," nikatangaza. Za pili pia. Katika za tatu akakutana na msichana mmoja mrefu, mgeni kwenye michezo ile, ambaye jina lake nilikuwa nalisikia mara ya kwanza. Walitambaa. Wakakaribishana. Binti wa jirani akapanda juu, akasimama kama ndege kwenye waya.

"Amestannat," nikasema.

"Vizuri," jikoni ikajibu.

Kisha wakachomoka. Kwenye kona ya mwisho yule mrefu akayumba kidogo, kidogo tu, gurudumu likagusa gurudumu, na wote wawili wakaanguka. Sauti ile ya mbao na chuma. Mtangazaji akapiga yowe, kwa hiyo hata kama mimi ningenyamaza, jikoni angesikia.

"Bibi?"

Binti alikuwa ameteleza mpaka chini kabisa, amelala ubavu, mguu mmoja bado umeng'ang'ania pedali. Hatikisiki.

"Bibi! Niambie!"

Kiswidi chote kilinikimbia, hata cha basi. Watu wenye mifuko ya dawa wakaingia kiwanjani mbio, wakamzunguka, nikaona migongo tu. Halafu, hebu fikiria, televisheni ikaleta tangazo. Sabuni ya kuoshea vyombo! Mwanamke anacheka na sahani. Nilitaka kumtia ngumi.

Picha za kiwanjani ziliporudi, wale watu walikuwa wamerudi nyuma kidogo. Nikaona mkono wa rangi ya chungwa umemshika mtu begani. Nikaona goti. Nikaona mguu mmoja unakanyaga chini, unatafuta, na wa pili. Na yule mtoto akasimama. Mrefu kama mama yake.

Furaha ikanipanda kichwani, nikapaza sauti kwa nguvu zote neno nililokuwa nalo:

"Amestannat! Amestannat!"

Jikoni ungo ukaanguka. Na baada ya ungo kikaanguka kitu kikubwa zaidi.

Nilikimbia, mikono juu, nacheka, nalia. Nikamkuta jirani yangu sakafuni katikati ya maharage, ameegemea kabati, mweupe kama unga wa muhogo. Alininyanyulia macho ambayo sitayasahau. Alikuwa akimtazama mtu anayecheza ngoma kwenye msiba.

"Unacheka?" akasema, bila sauti. "Bibi, unacheka?"

"Amestannat!" nikarudia, nikidhani hajasikia. Akaziba masikio.

Hapo ndipo nilipojua kuna kitu kimeharibika, na kwamba nimekiharibu mimi, ila sikujua ni nini. Kwetu neno ni moja. Basi limesimama, saa imesimama, mtu aliyeanguka amesimama. Nani angejua kwamba Waswidi wamegawa? Lile neno la basi, "stannat," ni la kitu kilichokoma. Nalo ndilo neno ambalo daktari alimwambia jirani yangu hospitalini, siku mume wake Mswidi alipofariki: moyo umesimama.

Nilijaribu kumwinua, haikuwezekana. Mlango hauinuliwi na kiti. Basi nikafanya kilichobaki. Nikajilaza. Mimi, na magoti yangu haya, nikalala ubavu juu ya maharage kwenye sakafu ya jikoni, nikafumba macho kama aliyeanguka. Kisha nikafungua jicho moja kuhakikisha ananitazama. Nikashika mguu wa meza. Nikapiga goti. Nikaleta mguu mmoja, maharage yananichoma kila mahali, nikaleta wa pili, nikasimama wima, nikajipiga mapaja.

"Hivi!" nikasema. "Binti. Hivi! Hivi!"

Akatoa mikono masikioni.

"Står?" akauliza. Hilo ni neno la mtu aliye wima kwa miguu yake. Nilikuwa nimewahi kulisikia, ila sikujua kwamba nalihitaji.

"Står!" nikasema. "Står, står, står!"

Sijui mlango ule uliinukaje. Alinipita kama upepo, akafika kwenye kizingiti cha sebule, na baada ya miaka yote ile akachungulia, jicho moja, mkono kwenye fremu. Kwenye kioo binti yake alikuwa anatembea kutoka kiwanjani. Anachechemea, nguo imechanika nyonga, baiskeli imebebwa na mwanamume mwingine. Alikuwa amenyanyua mkono, anawapungia watu. Tuliona mgongo tu, ukaingia mlangoni, ukapotea.

Jirani yangu akageuka. Nilidhani atanikumbatia. Akachukua taulo la vyombo akanichapa nalo begani, akanichapa tena, na huku anacheka mpaka anakosa pumzi.

"Unataka kuniua, Bibi! Miaka yote hii nimeogopa baiskeli, kumbe wa kuogopa ni wewe!"

Tulikaa sakafuni. Hatukuwa na nguvu za kutafuta viti. Akanifundisha, akinyoosha kidole kimoja cha huku na kimoja cha huku: kilichokoma ni hili, kilicho wima ni hili.

"Na kwenu vyote ni neno moja?"

"Moja."

"Lugha mbaya."

"Sufuria moja," nikamwambia, "inapika kila kitu. Unachopaswa kujua ni nini kimo ndani."

Binti hakuendelea na mbio siku ile. Kazi yake iliishia kwenye anguko lile, bila medali, na watangazaji walisikitika sana. Sisi hatukusikitika. Jioni simu ilipolia, jirani aliipokea papo hapo, na jambo la kwanza alilosema nililielewa hata kwa Kiholanzi, kwa sababu alikuwa akijipiga kidole chini ya jicho: nilikuona. Mgongo, lakini nilikuona.

Baadaye akafunika simu kwa kiganja, akaniambia: "Anasema anamsalimu Bibi. Anasema tangu zamani alijua si mimi ninayetazama. Anasema mama yake hajawahi kuona ndagala maishani."

Majira ya kuchipua binti akaja Bredäng. Nilimfungulia mlango mimi. Alijaza fremu yote. Nikamtazama viwiko, magoti, bega lile. Nilimkagua kama mbuzi wa sokoni, naye akajiachia akaguliwe, akacheka. Kisha nikamlisha. Bugali, mboga ya lengalenga kwa mawese, maharage, na ndagala hao wenyewe, ili ajue alichofananishwa nacho. Alikula kama mtu ambaye miguu yake bado haijaambiwa kwamba mbio zimekwisha.

Alikuwa amekuja na diski ya mbio zake, zile za fulana ya upinde wa mvua. Mama yake ndiye aliyeziomba. Wakakaa kwenye kochi, mama na mwana, na mimi nikaenda jikoni nikachukua ungo. Mtu mmoja lazima awe jikoni. Nilikuwa nimezoea mlango ukiwa wazi kidogo, kwa hiyo nilisikia yote: filimbi, watu wakipiga kelele, kisha kile kimya cha wanaotambaa.

Kimya kikawa kirefu. Nikajua amepanda juu. Nikajua yuko pale kama ndege kwenye waya.

"Amesimama!" jirani yangu akapiga kelele, kwa Kiswahili. "Bibi! Amesimama!"

Nikachungulia. Alikuwa amemshika binti yake mkono kwa mikono miwili, kucha ndani ya nyama, macho kwenye kioo, na binti yuko palepale ubavuni kwake, mzima, mdomo umejaa biskuti, anamwambia kitu cha kumtuliza.

"Vizuri," nikamjibu kutoka jikoni.